Parokia ni Nyumba ya Wageni, Tusiifanye Ua



Majuma machache yaliyopita tuliketi katika mkutano mmoja wa viongozi walei, mahali ambapo hatutapataja. Shughuli ilikuwa kuchagua viongozi wa jumuiya ndogo ndogo. Likapendekezwa jina la mama mmoja ambaye hakosi sala za jumuiya, anawafundisha watoto katekesi, na wagonjwa wanamfahamu kwa uji wake. Mzee mmoja akasimama, akasema kwa upole kabisa: "Mama huyu ni mwema, hatukatai. Ila si mwanaparokia hasa. Walikuja juzi na ng'ombe wao." Juzi hiyo, ndugu zangu, ni miaka 9. Ukumbi ukanyamaza na jina likafutwa. Sisi tuliokuwa tumeketi mbele, kalamu mkononi, tulinyamaza pamoja na wengine.

Tafakari ya juma hili ni malipo ya deni la ukimya ule. Tunataka kulichunguza neno moja tu, neno ambalo mzee wetu alilitumia kama fimbo bila kujua limetoka wapi. Neno lenyewe ni parokia. Tukilifuata hadi chimbuko lake tutaona kwamba sentensi yake ilijipinga yenyewe. Kusema kwamba mtu si mwanaparokia kwa sababu ni mgeni ni sawa na kusema kwamba mtu si mvuvi kwa sababu anavua samaki.

Asili ya neno hili ni Kigiriki. "Oikos" ni nyumba, na "para" ni kando au pembeni. "Paroikos" ni mtu akaaye kando ya nyumba: amepanga, amepokewa, anaishi mahali pasipo pa baba zake na hana haki za mzaliwa. "Paroikia" basi ni hali ya mtu huyo, yaani ukaaji wa ugenini. Katika nyumba hiyohiyo ya "oikos" yamezaliwa maneno mengine tunayoyasikia kila siku. Neno dayosisi, wanalolitumia ndugu zetu Waanglikana na Walutheri, limetoka katika kuitunza nyumba; na neno uekumeni limetoka katika dunia nzima inayokaliwa kama nyumba moja. Kati ya ndugu hao watatu, aliyewekwa nje kidogo ya mlango ni parokia.

Wayahudi wa Aleksandria walipoyatafsiri Maandiko kwa Kigiriki, karne kadhaa kabla ya Kristo, walilitumia neno hili kueleza hali ya Abrahamu na uzao wake. Fungueni Mwanzo 15:13, mahali Mungu anapomwambia Abrahamu kwamba wazawa wake watakaa katika nchi isiyo yao. Kisha fungueni Walawi 25:23, na hapo tunaomba wakulima na wafugaji wetu wote wasome kwa sauti. Mungu anakataza nchi isiuzwe moja kwa moja, na sababu anayoitoa ni kwamba nchi ni yake, na watu wote waliomo ni wageni na wapangaji mbele yake. Neno la Kigiriki la wapangaji hao ni "paroikoi". Hata sheria za nchi yetu zinafanana na hilo: Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Kwa hiyo mbele ya Mungu na mbele ya serikali, sote tumepewa pa kukaa.

Wakristo wa kwanza walilichukua neno hilo kwa fahari. Mtume Petro katika Waraka wake wa kwanza, sura ya 1 aya ya 17 na sura ya 2 aya ya 11, anawataja waamini kama watu walio ugenini. Mwishoni mwa karne ya kwanza, Kanisa la Roma lilipowaandikia Wakorinto waraka ule tunaouita wa Mtakatifu Klementi, lilijitambulisha kuwa ni Kanisa la Mungu lililo mgeni Roma, likiliandikia Kanisa lililo mgeni Korintho. Tafakarini jambo hilo. Roma, ambako Petro na Paulo walimwaga damu yao, haikujiita mwenyeji. Ilijiita mpangaji. Ndipo jumuiya ya waamini wa mahali chini ya askofu wao ikaitwa "paroikia", na karne zilipopita jina likashuka hadi kwenye jumuiya ndogo zaidi chini ya padre, kama tunavyolitumia leo.

Kilatini kililipokea neno hili kwa sura mbili, "paroecia" na "parochia". Hapa kuna jambo la kutufaa sisi mapadre. Warumi walikuwa tayari na neno jingine linalofanana nalo, "parochus", lililotoka katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kutoa au kukirimu. "Parochus" alikuwa mtu aliyewekwa kando ya barabara kuu ili awape mahali pa kulala na mahitaji watu waliosafiri kwa kazi za dola. Mshairi Horace anawataja watu hao katika habari za safari yake moja, na vitu anavyosema walipaswa kuvitoa ni kuni na chumvi. Wataalamu wengi wanaona kwamba neno hili ndilo lililoivuta "paroecia" ikawa "parochia". Baadaye Kanisa lilimwita mchungaji wa parokia "parochus", nasi tunasema paroko. Basi paroko, kwa jina lake, ni mtu wa kando ya barabara mwenye kuni na chumvi kwa ajili ya wapitao. Sisi tunaoishi Dumila, ambako njia ya Kilosa na njia ya Turiani zinakutana na barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, tulipaswa kuwa wa mwisho kusahau maana hiyo. Tunakiri mbele yenu kwamba siku ile ukumbini tulikuwa na kalamu tu. Kuni na chumvi hatukuwa nazo.

Sasa tazameni jinsi mataifa ya Ulaya yalivyolitendea neno hili. Waitaliano wanasema "parrocchia", Wahispania "parroquia", Wareno "paróquia", Wafaransa "paroisse", Wapolandi "parafia", Waingereza "parish", na Wajerumani "Pfarrei". Kwa Wahispania, "parroquiano" ni mwanaparokia, lakini pia ni mteja wa kudumu wa duka au kilabu. Wareno nao wana neno "freguês", lililotoka katika maneno ya Kilatini yenye maana ya mwana wa Kanisa, na leo hilo nalo lina maana ya mwanaparokia na ya mteja. Msicheke upesi. Mara ngapi nasi tumempima mwanaparokia kwa stakabadhi zake, tukamsalimu kwa furaha kulingana na bahasha aliyoileta? Lugha husema kweli ambazo wenye lugha wangependa zifichwe.

Waingereza ndio waliolipeleka mbali zaidi. Katika Kiingereza, "parochial" ni sifa ya jambo la parokia, lakini pia ni tusi: mtu mwenye mawazo finyu, asiyeona ng'ambo ya kijiji chake. Wafaransa huiita tabia hiyo roho ya mnara wa kengele, na Waitaliano nao wameipa jina linalotokana na mnara huohuo. Ni mtu ambaye dunia yake inaishia pale ambapo kengele ya kanisa lake haisikiki tena. Neno lililomaanisha mtu asiye na kwao limekuja kumaanisha mtu asiyejua pengine popote isipokuwa kwao. Je, kuna neno lililotekwa kuliko hili?

Utekaji huo haukuishia katika kamusi. Mwaka 1601 sheria ya Uingereza iliipa kila parokia jukumu la kuwatunza maskini wake. Jambo jema, mtasema. Lakini neno "wake" lilizaa swali la nani ni wetu, na mwaka 1662 ikatungwa sheria ya makazi. Mgeni aliyehamia parokia fulani, akipanga nyumba ya kodi chini ya pauni 10 kwa mwaka, aliweza kushtakiwa ndani ya siku 40 na kurudishwa alikotoka, hata kabla hajaomba msaada wowote, kwa hofu tu kwamba huenda siku moja ataomba. Mwaka 1697 vyeti vilienezwa: mgeni aje na karatasi kutoka parokia yake ya zamani ikikubali kumpokea siku atakapoanguka. Maskini waliosaidiwa walishonewa begani herufi ya kwanza ya neno maskini pamoja na ya jina la parokia yao. Wanawake wajawazito wasio na waume waliharakishwa kuvushwa mpaka, ili mtoto asizaliwe hapo na kuwa mzigo wa hapo. Hayo yote yalifanywa na parokia kwa jina la parokia. Nyumba ya wageni iligeuka kuwa ua wa kuwazuia wageni.

Tusiwanyoshee kidole Waingereza wa karne ya kumi na saba. Miaka mingi iliyopita, katika parokia nyingine ambayo nayo hatutaitaja, tulishuhudia mtoto mchanga wa familia iliyohamia akizikwa bila wanajumuiya. Baba yake hakuwa na kadi ya zaka, wala hakuwa na barua ya utambulisho kutoka alikotoka. Viongozi walikuwa bado wanajadiliana juu ya barua wakati majirani Waislamu wakichimba kaburi. Tulifika tukakuta udongo umeshafunikwa, tukasali peke yetu na wazazi wawili. Hatujawahi kuisahau aibu ile.

Wapo watakaotujibu: Padre, hizo ni habari za kamusi, sisi tunaishi Kilosa. Hoja hiyo ni nzito na hatutaikwepa. Tunajua kwamba mwezi Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilayani humuhumu, katika ugomvi wa wafugaji na wakulima. Tunajua maana ya mkulima kuamka na kukuta mahindi yake yamelala chini, na maana ya mfugaji kukuta ng'ombe wake wamekatwa mapanga. Hatusemi kwamba mifugo iingizwe mashambani. Mpaka wa shamba na uheshimiwe, anayelisha shamba la mwenzake alipe, na anayejeruhi ashtakiwe, awe Mkaguru, Mluguru, Msukuma au Mmasai. Hayo ni mambo ya baraza la kijiji na mahakama. Lakini baraza la kijiji hugawa ardhi, haligawi Ubatizo. Mkimkataa mtu kwenye jumuiya kwa sababu ya kabila lake au mifugo ya jamaa zake, hamjaokoa hata shina moja la mahindi. Mmeivunja tu meza ya mwisho ambayo pande mbili zingeweza kuketi na kusemezana.

Wapo pia watakaosema: wenyeji ni wenyeji tu, tulikuwapo. Tuulizane basi, tulikuwapo tangu lini? Masimulizi ya koo za Waluguru wenyewe yanawataja wazee waliopanda milima ile wakitokea kwingine. Wengi wa wanaojiita wenyeji wa Kilosa leo ni wajukuu wa manamba walioletwa kukata mkonge katika mashamba ya wakoloni. Na imani yenyewe ilikuja na wageni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1877 wakafungua misioni ya Mhonda, kule juu ya Turiani. Hawakuwa na barua ya utambulisho wala kadi ya zaka. Walipewa mahali pa kukaa na watu wasiowajua, na kwa sababu hiyo sisi leo tuna parokia za kugombania. Na hapo jirani Dakawa, tangu mwaka 1982, Watanzania waliwapa ardhi wakimbizi wa Afrika Kusini wa chama cha ANC, wakakaa hadi mapema miaka ya 1990. Mababa na mama zetu waliweza kumpokea mtu wa Soweto. Sisi tunashindwa kumpokea mtu wa Shinyanga?

Kanisa lenyewe limesema kwa sheria. Kanuni ya 515 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inaieleza parokia kwanza kuwa ni jumuiya ya waamini. Ardhi na mipaka vinafuata katika kanuni ya 518, na hata hapo ni kwa utaratibu wa jumla tu. Kanuni ya 102 inasema kwamba aliyekuja kwa nia ya kukaa miezi 3, au aliyekwisha kukaa miezi 3, ana makao ya muda, na kanuni ya 107 inasema kwa njia hiyo amepata paroko wake. Na yule asiye na makao popote, anayezunguka na mifugo yake msimu hata msimu? Kanuni hiyohiyo ya 107 inajibu kwamba paroko wake ni paroko wa mahali alipo sasa hivi. Hivyo Mmasai Mkatoliki anayepita leo na kesho hayupo, leo ni wetu. Kanuni ya 529 inamwamuru paroko awatafute kwa bidii maskini, wapweke na waliofukuzwa kwao. Imesema awatafute, haikusema awasubiri waje na barua. Miezi 3, ndugu zangu! Nanyi mmemnyima mama yule kwa miaka 9, nasi tukawaitikia kwa kunyamaza.

Wahenga wetu waliyajua hayo kabla ya kanuni. Walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huitumia methali hii kumsukuma mgeni aondoke, lakini isikilizeni vizuri. Anayepewa jembe hajafukuzwa. Amepewa kazi na tuta la kulima, amehesabiwa katika nguvu za nyumba. Mama yule hakuomba hata jembe, alikwisha kulishika na kulima miaka yote hiyo. Na methali nyingine husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kiswahili humwita binadamu mja, na masikio yetu husikia ndani yake kitenzi kuja. Sisi sote ni waja. Walutheri nao wakaliacha neno la Kigiriki na kuiita parokia yao usharika, kutoka katika kushiriki. Basi ama tuwe wageni pamoja kama Wagiriki walivyosema, ama tuwe washirika pamoja kama Walutheri wasemavyo. Njia ya tatu, ya wenye nyumba na watu wa uani, haimo katika neno lolote.

Tunahitimisha kwa kuwarudisha barabarani, kwa sababu neno letu ni la barabarani. Luka 24 anatusimulia wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau. Mtu akaungana nao, akauliza wanazungumza nini. Kleopa akamshangaa, akamwuliza kama ni yeye peke yake aliye mgeni Yerusalemu asiyejua yaliyotokea. Katika Kigiriki cha aya ya 18, kitenzi alichotumia Kleopa ni kile kilichotuzalia parokia. Aliyeitwa mgeni alikuwa Bwana Mfufuka. Hawakumwomba barua. Jioni ilipofika walimsihi akae nao, na mezani mgeni ndiye aliyeumega mkate. Kama wangemwacha aendelee na safari yake, wangelala Emau na huzuni yao, na Pasaka ingewapita mlangoni.

Kwa hiyo tunatangaza, bila kuzunguka, kwamba uchaguzi ule tutaurudia. Jina la mama yule litarudi mahali pake, naye atapigiwa kura kama wengine. Akishinda ataongoza, akishindwa atashindwa kwa kura na si kwa kabila. Kuanzia sasa mfiwa yeyote Mkatoliki atazikiwa na jumuiya ya mahali alipo, na maswali ya kadi yatasubiri arobaini ipite. Anayeona uamuzi huu ni mgumu aje ofisini tuzungumze. Atakuta kiti, na tunatumaini atakuta pia kuni na chumvi.

Bwana aliyekaa kwetu kama mgeni atupe moyo wa kuwatambua wageni wenzetu, leo wakiwa bado njiani.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele, amina.